Mama mwenye kiwewe cha leba: aongee au ameze dawa?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wachache mnaosoma kimya kimya. Najua mpo, na leo nawahitaji.

Kuna swali nimetumiwa mara nyingi tangu nilipoandika juu ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama anaandika hivi: "Nesi, mtoto ana miezi minne lakini mimi bado nipo leba. Nikifumba macho nipo kule kule. Mmoja kaniambia nikaonane na mwanasaikolojia, mwingine kaniambia kuna vidonge. Nishike lipi?"

Nitalijibu kwa sehemu tano, maana haliingii kwenye mistari miwili. Ila msimamo wangu nautoa mapema ili usisome huku unabahatisha: kwa kiwewe, tiba ya mazungumzo inatangulia. Dawa zina nafasi yake, na nafasi hiyo nitaitetea. Lakini vile vidonge vya usingizi ambavyo shangazi anakununulia duka la dawa la mtaani, hivyo havimo kabisa kwenye ubishi huu.

Sasa nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kliniki ya watoto. Akaja mama mmoja kuleta mtoto chanjo ya wiki ya 6. Naangalia kadi, mtoto ana wiki 11. Nikamgombeza, tena mbele za watu. Mnajua sisi manesi tunavyojua kugombeza. Mtoto mwenyewe kanona, kavishwa soksi na kofia, ananyonya vizuri. Nikamuuliza, wewe mama, unakaa hapo mtaa wa pili tu, kimekuchelewesha nini?

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amefika getini mara tatu, na mara zote tatu amerudi nyumbani. Akisikia tu harufu ya klorini ya kupigia deki, moyo unaenda mbio, mikono inalowa jasho, miguu inakosa nguvu. Alikuwa amejifungulia pale pale kwetu. Kondo la nyuma lilikwama, damu ikamwagika, ikabidi litolewe kwa mkono haraka haraka. Katikati ya purukushani ile alimsikia mtu akisema, "Huyu anatuponyoka." Mtoto alikuwa pembeni, amefunikwa khanga, salama kabisa. Yeye alikuwa anawaaga watu wake kimoyomoyo.

Mimi nikamjibu nini? "Mama, mshukuru Mungu, mpo hai wote wawili. Yasahau hayo." Nikamchoma mtoto sindano, nikaandika kadi, nikaita anayefuata.

Chanjo iliyofuata hakutokea. Baadaye nilikutana na mama mkwe wake sokoni, akanisimulia bila hata kumuuliza. Binti halali usiku, na akilala anapiga kelele. Wamempeleka kuombewa. Sasa wanamnunulia vidonge vya usingizi, "na vinamsaidia kweli nesi, anazima kama taa, hata mtoto akilia hasikii."

Bibi wa watu aliniambia kama habari njema.

Mtoto wa miezi mitatu na ushee, kitanda kimoja na mama aliyezimwa kwa dawa. Nilisimama pale na nyanya zangu mkononi nikakosa la kusema, kwa sababu mtu wa kwanza ambaye yule mama alimwambia alikuwa mimi.


SEHEMU YA 2

Tujue kwanza tunachotibu.

Leba ngumu inamtikisa mtu yeyote. Siku za mwanzo kulia, kuota ndoto mbaya, kushtuka mlango ukigongwa, hayo yanatokea kwa wengi, na kwa wengi yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, wakipumzika, wakila, wakiwa na mtu wa kuwashikia mtoto. Siku arobaini za bibi zetu zilikuwa na akili ndani yake.

Inakuwa ugonjwa pale yanapopita mwezi mmoja na bado yanakutawala. Kwenye faili daktari ataandika PTSD. Tukio linakurudia bila kuitwa: si kwamba unalikumbuka, unakuwa ndani yake. Unakwepa kila kinachokukumbusha, iwe hospitali, iwe rafiki aliyejifungua siku ile ile, iwe mume akikusogelea usiku. Mwili hautulii, unalinda zamu saa ishirini na nne. Halafu kuna lile ambalo akina mama wanaona aibu kulisema: ganzi. Unambeba mtoto, unamnyonyesha, unambadilisha nepi, ila ndani hakuna kitu. Au una hatia: "Ningewahi hospitali. Ningesukuma vizuri."

Si wachache. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta wanawake kama 4 kati ya 100 waliojifungua wanapata ugonjwa huu. Kwa waliopitia hatari kubwa, mathalani operesheni ya dharura, kifafa cha mimba, mtoto njiti au kupoteza mtoto, inafika 18 hadi 19 kati ya 100. Hesabu mwenyewe wodi yenu inazalisha wangapi kwa mwezi.

Haina uhusiano na kukosa imani wala kudeka. Kuhusu pepo sitaki ugomvi na mtu: ombeni, mimi mwenyewe naomba. Ila ukiwa na jipu unaomba na unakuja kupasuliwa.

Na tofautisheni jambo moja, tafadhali sana. Mama aliyejifungua siku au wiki chache zilizopita, ambaye ghafla anaongea vitu visivyoeleweka, anasikia sauti, hawatambui watu, halali kabisa na wala hachoki, au anasema mtoto si wake, au ni shetani, huyo si wa kusubiri mwezi. Huyo ni wa hospitali leo hii, hata kama ni saa nane usiku. Vivyo hivyo anayesema anataka kufa au kumuua mtoto. Msimwache peke yake hata kwenda chooni.


SEHEMU YA 3

Haya, mazungumzo.

Watu wakisikia "tiba ya mazungumzo" wanafikiri ni kile nilichomfanyia yule mama pale mezani: jikaze, usiwaze sana, wenzako wamepoteza watoto. Hiyo si tiba. Ile ni kumfunga mtu mdomo kwa upole. Na mimi naamini ndiyo sababu akina mama wengi wanasema "niliongea na watu haikunisaidia", wanakimbilia kidonge. Kweli uliongea, ila hukutibiwa.

Wala si kumsimulia kila mgeni anayekuja na mtori. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2018 unasema wazi wahudumu wasimkalishe mtu mara tu baada ya tukio na kumtaka alisimulie, kwa imani kwamba atatua mzigo. Haizuii ugonjwa. Kwa hiyo shangazi, ukienda kumwona mzazi, peleka chakula, fua nepi, mshike mtoto ili alale. Akitaka kusimulia, sikiliza. Asipotaka, usimchokonoe kwa "hebu tuambie ilikuwaje."

Tiba yenyewe ikoje? Nitaeleza kama nesi, kwa kidonda. Kuna kidonda kinafunga juu haraka, ngozi inapendeza, kumbe chini kuna usaha. Ukimpa mgonjwa dawa ya maumivu atatabasamu, lakini ukibonyeza anaruka. Lazima kifunguliwe, kisafishwe, kifunge kuanzia chini kuja juu. Kumbukumbu ya kiwewe ndivyo ilivyo. Haijafunga kama kumbukumbu nyingine. Ubongo unaishughulikia kama kitu kinachoendelea sasa hivi, ndiyo maana harufu ya klorini inatosha kukurudisha kitandani kule.

Kwa kawaida mnakutana mara 8 hadi 12, mara moja kwa wiki. Mwanzo unafundishwa mwili wako unafanya nini na jinsi ya kuurudisha chini: kupumua, kugusa kitu cha baridi, kutaja unachokiona chumbani. Kisha mnaingia kwenye tukio taratibu, kipande kwa kipande, na mtu aliyefundishwa yuko pembeni. Uliona nini, ulisikia nini, uliwaza nini wakati ule. Hapo ndipo lile wazo lililokwama linapojitokeza. Kwa mmoja ni "lilikuwa kosa langu." Kwa mwingine ni "nilikuwa nakufa na hakuna aliyejali." Mnalipima hilo wazo, kweli au si kweli. Halafu unaanza kuvirudia vile ulivyovikwepa: leo unapita barabara ya hospitali, wiki ijayo unasimama getini, ijayo unakaa kwenye benchi. Iko nyingine inaitwa EMDR, ambapo unaishika ile kumbukumbu akilini huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kwenda na kurudi. Inaonekana kama mchezo, hata mimi nilicheka mara ya kwanza kuiona, lakini Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima kwenye mwongozo wake wa 2013, pamoja na hii niliyoieleza.

Sitakudanganya: inauma. Wiki ya pili na ya tatu ndoto zinaweza kuongezeka, na ndipo wengi wanapoacha. Kama mtaalamu wako hakukuambia mapema, nakuambia mimi. Kidonda kikisafishwa kinauma kuliko kilivyokuwa kimefunikwa.

Sasa ushahidi, maana kuna mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye makochi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Kivu Kusini, Kongo. Wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Kundi moja lilipata msaada wa mtu mmoja mmoja, wa kusikilizwa na kufarijiwa. Kundi lingine lilipata tiba yenye hatua, vikao 12, vingi vyao vya pamoja katika kikundi. Baada ya miezi sita, kwenye kundi la faraja 42 kati ya 100 bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwenye kundi la tiba, 9 kati ya 100. Kwa kiwewe matokeo yalikwenda vivyo hivyo. Na walioiendesha hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kule kule, wenye angalau miaka minne ya shule baada ya msingi, wakafundishwa na kusimamiwa.

Kambi ya Nakivale, Uganda, utafiti wa 2008: wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Baada ya miezi sita, takriban 70 kati ya 100 waliopata tiba ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio hawakuwa tena na ugonjwa, na 65 kati ya 100 wa waliopata ushauri wa kiwewe wa namna nyingine, pia kutoka kwa waliofundishwa. Waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Hata watoto wamo: Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na mzazi walifuatiliwa kwenye utafiti uliotoka 2020, na mwisho wa tiba ya vikundi wale walioipata walikuwa na nafuu zaidi katika maeneo matatu kati ya manne.

Hao hawakuwa mama wa leba, nakubali. Kwa kiwewe cha kujifungua chenyewe tafiti ni ndogo ndogo. Lakini ugonjwa ni ule ule, na kilichonigusa ni kwamba mtu aliyefundishwa vizuri, hata asiye na koti jeupe, anaweza kuifanya kazi hii. Kwa nini basi wodi ya wazazi haina hata mmoja?


SEHEMU YA 4

Dawa. Nimekawia kufika hapa kwa makusudi, maana nikianza na dawa hamsomi mengine.

Wanaosema "dawa za akili ni za vichaa" naomba wanyamaze kidogo. Ukitaja afya ya akili watu wanasikia Mirembe, wanaona minyororo. Hapana. Dawa zinazosaidia kiwewe ni zile zile za sonona. Iliyo maarufu ni setralini. Iko paroksetini, na iko venlafaksini. Kule Marekani mamlaka ya dawa imeidhinisha mbili tu rasmi kwa ugonjwa huu, setralini na paroksetini. Hakuna hata moja inayofuta kumbukumbu. Zinapunguza sauti ya redio: mapigo yanatulia, hasira inashuka, unaweza kulala na kuwaza.

Zinasaidia kweli? Kwa wastani ndiyo, kiasi. Na kuna utafiti mmoja wa Marekani wa 2019 naupenda kwa uaminifu wake. Watu wazima 200 wenye kiwewe, wengine wakapewa setralini, wengine vikao 10 vya mazungumzo ya kulikabili tukio. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na nafuu ilidumu hadi miaka miwili. Mazungumzo yalitangulia kidogo. Lakini sikiliza hili: waliopata kile walichokichagua wenyewe walifanya vizuri zaidi kuliko waliopangiwa wasichokitaka. Na walipoulizwa, wengi walichagua mazungumzo.

Kwa hiyo kwa nini mimi naweka mazungumzo mbele? Kwanza, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo ule wa 2013 linasema dawa za sonona zisiwe chaguo la kwanza kwa kiwewe cha mtu mzima. Zitumike pale mazungumzo yameshindikana au hayapatikani, au pale kuna sonona ya kati au kali pamoja nacho. Pili, ulichojifunza kwenye mazungumzo unabaki nacho. Dawa ukiiacha, kwa baadhi ya watu dalili zinarudi. Tatu ni ya kwangu mwenyewe: mama huyu atarudi leba. Nataka siku hiyo awe ameshapita lile geti kwa miguu yake.

Lakini kuna mama ambaye mimi mwenyewe ningemwambia chukua dawa, tena usichelewe. Yule ambaye kiwewe kimemvutia sonona, haamki kitandani, hali, anaona watoto wangekuwa salama zaidi bila yeye. Yule asiyeweza hata kukaa kwenye kiti dakika kumi akaongea. Yule aliye mbali na mtaalamu yeyote. Na yule anayesema wazi, "Sitaki kuligusa tukio lile sasa hivi." Ana haki. Dawa si kushindwa. Kuna wanaotumia vyote viwili, na dawa ndiyo iliyowapa nguvu ya kukaa kwenye kile kiti.

"Nesi, nanyonyesha!" Najua, hili ndilo swali namba moja. Setralini inapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, ndiyo maana mara nyingi huchaguliwa kwanza kwa mama anayenyonyesha. Fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu na inapita zaidi, kwa hiyo daktari atafikiri mara mbili. Ukiwa na mimba changa au unapanga nyingine, sema, kwa sababu paroksetini madaktari wengi huikwepa hapo. Amitriptilini ni ya zamani, inapatikana vituo vyetu vingi, inaleta usingizi, na ikizidishwa ni hatari sana, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto na mbali na mtu mwenye mawazo ya kujidhuru. Usiache kumnyonyesha mtoto kwa sababu jirani kakuambia. Uliza aliyekuandikia.

Mambo ambayo huambiwi dirishani: dawa hizi hazifanyi kazi usiku ule ule. Subiri wiki mbili hadi nne uanze kuona tofauti. Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kuchafuka, wasiwasi kuongezeka kidogo. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka, na hapa baba elewa, si kwamba hakupendi. Kama una chini ya miaka 25, mtu wa nyumbani akuangalie kwa karibu wiki za mwanzo, mawazo ya kujidhuru yakizidi rudi haraka. Kama uliwahi kuwa na kipindi cha nguvu za ajabu, huhitaji kulala, unatumia hela ovyo, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na usiache ghafla kwa sababu umepona. Zinapunguzwa taratibu, mara nyingi baada ya kama mwaka mmoja wa kuwa sawa.

Sasa diazepamu, valiamu kama mnavyoiita. Hapa sina ulimi laini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema isitolewe kutuliza dalili za kiwewe mwezi wa kwanza, na hata baada ya hapo haitibu ugonjwa huu. Inakuzimisha tu. Mwili unaizoea, unahitaji zaidi, na ukiiacha ghafla usingizi unakimbia kuliko mwanzo. Inakaa mwilini muda mrefu, inaingia kwenye maziwa, mtoto anakuwa mlegevu, hanyonyi vizuri. Na mama aliyelala usingizi wa dawa na mtoto kitanda kimoja anaweza kumlalia asijue. Piriton nayo mnaitumia hivyo hivyo, "nimeze mbili nilale." Ni dawa ya mzio, mama. Kama umekuwa ukitumia diazepamu kwa wiki nyingi, usiitupe leo. Nenda ukapunguziwe kwa utaratibu.


SEHEMU YA 5

Wengine mmeshaanza: "Nesi unaota. Wilayani kwetu hakuna mwanasaikolojia, na aliyepo mjini anataka hela ya nauli na ya kumwona." Ni kweli, sibishi. Mtu wa kijijini kusafiri mara kumi na mtoto mgongoni si jambo dogo, na ndiyo maana sitamlaumu daktari anayeandika setralini kwa sababu ndicho kilichopo. Ugomvi wangu uko kwingine. Wiki ya 6 tunampima mama presha, tunaangalia mshono, tunapima mtoto uzito, tunachanja. Hakuna anayemuuliza, "Leba yako ilikuwaje, na bado inakusumbua?" Swali hilo halihitaji bajeti. Mimi nilijibiwa kabla sijaliuliza, na bado nilishindwa.

Nilimfuata yule mama nyumbani. Nilimwomba radhi mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwa nesi si rahisi. Tukaanza na vile vidonge, akapunguziwa kwa utaratibu. Akapewa rufaa, na kule ikaonekana ana kiwewe na sonona juu yake, kwa hiyo akaanza setralini na mazungumzo pamoja. Mumewe ndiye aliyekuwa anabaki na mtoto nje ya mlango. Kikao cha tatu alitaka kuacha, alinipigia simu analia, akasema afadhali ndoto kuliko hiki kiti. Alirudi. Sitawaambia amepona kabisa, kwa sababu mpaka leo klorini hapendi. Lakini mimba ya pili alianza kliniki mapema, na alikuja na karatasi ameiandika mwenyewe: msiniguse kabla ya kuniambia mnafanya nini, kama kuna tatizo niambieni mimi, msiambiane nyinyi kwa nyinyi, mume wangu awe karibu kama inaruhusiwa. Tuliibandika kwenye faili lake.

Baba, kazi yako ni hii. Usimwambie asahau. Usimlazimishe mkaribiane. Usiku akishtuka, washa taa, mtajie jina lake, mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Mpeleke, msubiri, mrudishe. Na kama wewe ndiye uliyeona damu ile na huwezi kulala, ujue nawe unaweza kuupata ugonjwa huu, kwa hiyo ingia ndani naye.

Kwa mama uliyeniandikia: ukifika kituoni usiseme "nasumbuliwa na kichwa", watakupa panadol na utarudi nayo. Sema hivi, hata kwa kusoma kwenye simu: "Tangu nijifungue, umepita zaidi ya mwezi, tukio la leba linanirudia, naota, naogopa hospitali, silali. Naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Kama hakuna, omba afisa ustawi wa jamii wa hospitali, au omba rufaa. Mtaalamu ukimpata, muulize swali moja: "Tutalizungumzia tukio lenyewe kwa hatua, au utanipa ushauri tu?" Ukiandikiwa dawa, uliza inaitwaje, inachukua muda gani kufanya kazi, na kama anajua unanyonyesha. Na ukiambiwa mhusika hayupo leo, usiondoke kabla hujaambiwa anakuja siku gani.